Matufaha ya Saa Kumi

Jumatatu, 3 Machi

Siku ya kumi na tisa tangu tumzike Mama. Baba hajatoka chumbani. Uji vijiko viwili asubuhi, chai nusu kikombe, basi. Nimemwekea yale meno ya bandia niliyomtengenezea mwenyewe mwaka juzi. Kazi safi, hata mafundi wenzangu kule maabara ya meno waliyasifu. Ameyasukuma pembeni. Yamelala kwenye glasi yanacheka peke yao. Ndiyo hayo, mganga hajigangi.

Daktari amempima. Kilo sita zimekwenda. Akaniambia koridoni, kwa sauti ya chini, kwamba mzee wa miaka themanini na moja akiamua kutokula, hakuna dawa ya dukani ya kumrudisha. Mtafutie anachokipenda, akasema. Kama vile sijatafuta!

Kaka kapiga simu. Kasema nijikaze. Yeye ni nijikaze, kisha simu inakatika.

Jumanne, 4 Machi

Lazima niandike hili kabla sijaanza kujidanganya.

Leo nilipika matufaha. Yale ya Mama, aliyokuwa akipika kila siku saa kumi jioni tangu Baba afunge kibanda chake cha saa na meno yaanze kumtoka moja moja. Mama hakuwahi kuandika vipimo. Alipimia kastabini yake ya kushonea. Mdalasini kastabini moja, tangawizi nusu, karafuu tatu, kungumanga ikwaruzwe mara mbili tu. Siagi iyeyuke kwanza, sukari ya kahawia, halafu vipande, maji vijiko vitatu na chumvi kidogo. Funika, moto mdogo. Na usikoroge hovyo — unapika matufaha au unapika uji? Hivyo ndivyo alivyokuwa akinigombeza.

Nilivaa aproni yake kwa sababu blauzi yangu ni nyeupe. Sikuwa na sababu nyingine.

Yakaiva. Kijiko kilikuwa kimejaa sharubati, nikakigonga kwenye ukingo wa sufuria ili idondoke. Mara tatu. Sikukusudia, ni mkono tu.

Nyumba hii haikuwahi kuitana mezani kwa mdomo. Mama alikuwa na sauti ndogo, na Baba alikuwa na masikio ya fundi saa, ya kusikia saa iliyochelewa ikiwa bado mfukoni mwa mteja. Kwa hiyo Mama aligonga sufuria mara tatu, nasi tulikuja. Tangu afe hakuna aliyegonga. Wala sikulifikiria.

Nikasikia kitanda kikilia. Mlango. Ndara kwenye sakafu. Baba akatokea, nywele amechana, shati amefunga vifungo hadi shingoni. Akakaa mahali pake. Macho yake yote mawili yana mtoto wa jicho. Mtu akisimama mbali humwona kama nguo iliyoanikwa kwenye kamba. Akaelekeza uso mlangoni mwa jikoni, niliposimama.

"Leo umechelewa, mke wangu," akasema.

Akala bakuli zima. Mimi nilishikilia fremu ya mlango mpaka akamaliza.

Jumatano, 5 Machi

Asubuhi alinijua vizuri. Nilimnyoa, akaniuliza kazini wanasemaje, nikamwambia wamenipa ruhusa hadi mwisho wa mwezi. Nikashukuru, nikadhani ya jana yamepita.

Saa kumi nilipika. Sikugonga. Hakuja. Nikampelekea bakuli chumbani, akageukia ukutani. "Sina njaa, mwanangu."

Nikarudi jikoni. Nikasimama pale kama dakika tano, chakula kikianza kupoa. Halafu nikavaa aproni, nikagonga.

Alikuja. Alikula. Alitia hata mzaha, kwamba karafuu nimezidisha, nataka kumtibu jino asilokuwa nalo.

Jana ilikuwa ajali. Ya leo ni yangu mwenyewe.

Jumapili, 9 Machi

Siku ya sita mfululizo anakula. Rangi imeanza kumrudia usoni.

Kaka amekuja, na Shangazi. Jirani yetu ndiye aliyewaita, huyu tunayemwita Mama Redio. Aliniona juzi kwa nyuma nikianika aproni, akanisalimia "Shikamoo, mama," kisha nilipogeuka beseni likamtoka mikononi. Nguo zote matopeni. Tangu hapo mtaa mzima una habari za aproni na kijiko.

Shangazi amenisema sana. Marehemu aachwe apumzike, haitwi kwa kijiko. Kaka naye: njia ya mwongo ni fupi, na mzee akigundua, utamzika Mama mara ya pili wewe mwenyewe. Nikamwuliza, wewe una njia gani ndefu? Mlete kwako basi ale. Kwake wanaishi saba vyumba viwili, sikupaswa kumwambia vile.

Saa ilipofika niligonga mbele yao. Baba akaja. Akasema bakuli la Mama mbona halipo mezani, likawekwa. Akala mabakuli mawili, akimweleza dada yake jinsi wifi yake anavyojua moto mdogo. Shangazi alifuta machozi kwa ncha ya kanga. Kaka alikuwa anaangalia sakafu. Ameondoka bila kuniambia nijikaze.

Jumanne, 11 Machi

Sijui nianzie wapi.

Baada ya vijiko vichache Baba akaanza kuzungumza. Juu ya binti yetu, yaani mimi. Huzungumza na ule mlango kwa sauti ambayo hanipi mimi asubuhi, laini, ya mtu aliyevua viatu.

Akasema: "Ulimpigia. Ukamwuliza atakuja lini, akasema wiki ijayo. Ukawa unamngoja. Mpaka ukaacha kuuliza."

Kweli tupu. Nilikuwa na oda ya seti thelathini za meno, na Mama kwenye simu alikuwa na ile sauti yake ya sio neno, mwanangu, usijali. Nikasema wiki ijayo. Alikufa Jumatano. Mimi nilifika Ijumaa, na begi lenye zawadi.

Mpaka leo nilikuwa sijawahi kufungua mdomo pale mlangoni. Leo nilifungua. Sauti iliyotoka ilikuwa ndogo, na sikuhitaji kuibana ili iwe ndogo. Nikauliza, "Na wewe, umemsamehe?"

Alikwangua bakuli muda mrefu.

"Bado," akasema. "Ananiogesha, ananinyoa, mkono wake mwepesi kama wako. Lakini bado. Usimwambie."

Nimeosha sufuria mara mbili. Bado inanuka mdalasini.

Jumatano, 12 Machi

Nilipokuwa namnyoa akasema mkono wangu leo ni mzito. Nikamwambia ni wembe.

Alhamisi, 13 Machi

Kliniki ya macho wamepiga simu. Mama ndiye aliyemwandikisha Baba kwa upasuaji, mwaka jana, na sasa zamu imefika. Jumatano ijayo. Jicho la kulia kwanza. Muuguzi akasema tukikosa nafasi hii, nyingine ni baada ya miezi saba, na mtoto wa jicho amekomaa, hatangoja miezi saba. Nikasema nitampigia.

Nitampigia! Kama kwamba kuna la kufikiria.

Lakini lipo. Akiona, atakayemwona mlangoni ni mimi. Mama atakufa tena, safari hii mezani, mbele ya bakuli lake. Na akirudi kugeukia ukuta, zile kilo mbili alizozirudisha zitakwenda na nyingine zitafuata. Asipoona, atakula, gizani, na mkewe.

Hayo ndiyo ninayojiambia. Hapa hasomi mtu, kwa hiyo niseme na lililobaki. Nataka kumwuliza tena. Kila siku ifikapo saa tisa naanza kuangalia saa. Nataka siku moja aseme ndiyo. Akishaona, hatamwambia tena Mama chochote, na mimi sitalisikia kamwe.

Ijumaa, 14 Machi

Nimeuliza tena. "Nipe muda, mke wangu," akasema.

Kuna mambo yananitisha. Leo sikupima. Mkono ulimimina mdalasini wenyewe, na ulipatia. Nimekohoa nikiwa bafuni, kikohozi cha Mama, kile kifupi cha mara mbili, na Baba akaniitikia kutoka chumbani. "Naam?" Nilibaki na mswaki mdomoni. Akasubiri kidogo, akarudi kwenye redio yake.

Jina langu hajaniita tangu Jumanne. Ni mwanangu asubuhi na mke wangu jioni. Sijui katikati yake nimekaa wapi.

Jumamosi, 15 Machi

Nimewapigia kliniki. Nimesema tutakuja. Nilisema haraka, kabla ulimi haujapata akili.

Huwezi kumfanya baba yako kipofu ili akusamehe. Nimeiandika ili niione.

Jumatano, 19 Machi

Imekwenda salama. Dakika ishirini na tano. Alikuwa akimwelekeza daktari jinsi ya kushika koleo ndogo — vidole viwili, daktari, cha tatu ni cha kuegemea — mpaka wakamwomba anyamaze. Amerudi na kitambaa jichoni, kitaondolewa kesho.

Matufaha amekula kitandani. Nilimlisha mwenyewe. Sikugonga, na hakuulizia. Uchovu wa sindano, nadhani.

Alhamisi, 20 Machi

Naandika jikoni, mlango nimefunga. Daftari liko mapajani mwangu, meza imejaa maganda.

Asubuhi muuguzi alimtoa kitambaa. Baba akapepesa, akatazama ukutani, na neno lake la kwanza lilikuwa kwamba saa yao iko nyuma dakika nne. Muuguzi akacheka. Halafu Baba akageuka kunitazama mimi. Alitazama sana. Mimi nilikuwa nimeshika koti lake kifuani kama mtoto wa shule aliyechelewa.

"Umekonda, mwanangu," akasema. "Na mvi umeota lini?"

Njia nzima alikuwa akisoma mabango kwa sauti. Ya dawa ya meno, ya rangi za nyumba, ya fundi cherehani. Mimi namwitikia tu.

Tukafika nyumbani. Akapita kila chumba. Akashika pazia, akashika kiti cha Mama, akasimama mbele ya picha yao ya harusi mpaka nikadhani ataanguka. Akanigeukia.

"Mama yako yuko wapi?"

Nilikuwa nimejiandaa. Usiku kucha nilikuwa nimejiandaa! Nilikuwa na maneno yote, mazuri, ya polepole. Ulimi hauna mfupa. Nikasema, "Yuko jikoni, Baba. Anapika."

Akanitazama kwa lile jicho jipya, jekundu bado, lenye maji. Kisha akasema sawa, atangoja, akaketi mahali pake mezani.

Hiyo ilikuwa saa tisa na nusu. Nimemenya, nimekata, siagi imeyeyuka. Aproni nimeivaa, nimeivua, nimeivaa tena, sasa iko sakafuni. Nimefunika. Yananukia nyumba nzima. Namwogopa mzee wangu aliyeketi upande wa pili wa ubao wa mlango, sijapata kumwogopa hivi tangu nikiwa na miaka sita.

Nikigonga, atakuja na kunikuta. Nisipogonga, atajua hakuna wa kugonga.

Saa kumi imepita. Nimezima moto. Kijiko kiko sinkini, sitaki hata kukiona.

Kiti kimesogea. Anakuja. Hakungoja kuitwa.

Yuko nje ya mlango, namsikia anavyopumua. Ameniita. Kwa jina langu, lile refu, alilonipa yeye. Anasema kwa sauti ile ya jioni, si ya asubuhi. Nifungue, tule kabla hayajapoa.

Anasema nitoe mabakuli mawili tu, lake na langu.

Nimeyatoa, nimeyaweka juu ya maganda. Mkono uko kwenye kitasa na bado naandika kwa mwingine, ovyo, mistari inapanda. Sijamwuliza kitu. Yeye anasubiri, na mimi sijafungua