Ndala za Baba

Jumanne, usiku

Ile karatasi ya kwanza nimeifutia rola ya wino. Sijui nilikuwa nawaza nini.

Nguo za baba ziligawiwa siku ya kumaliza msiba, zikabaki ndala tu. Mama akanipa nichonge herufi za kuchapia kwa kazi ya chuo, kwa sababu zile za madini ya risasi hatuna. Leo nimechonga KARIBU, neno lake la mlangoni. Nikazigundisha kwenye ubao, nikapaka wino, nikalaza karatasi na kuisugua kwa mgongo wa kijiko.

U niliikata kwenye kisigino. Kwenye ile karatasi ya kwanza ikatoka hafifu upande mmoja. Baba alikuwa anachechemea tangu alipoteleza kwenye mawe ya hapa kwetu Pasiansi, na upande ule ndio aliokanyagia mpaka ukalika. Mimi niliona kasoro tu. Nikachukua msasa, nikasugua mpaka soli ikawa sawa.

Nikachapa karatasi ya pili, ikatoka nyeusi kotekote. Nikaipiga picha, nikamtumia mwalimu, akasema sasa imekaa vizuri. Nilifurahi, jamani. Nilifurahi kabisa.

Mama akaja kutoka jikoni, akapitisha kidole kwenye ile U ya mpira.

"Hapa si ndipo alipokuwa anaegemea? Mbona pako sawa?"

"Nimepasugua, mama. Wino ulikuwa haushiki."

"Haya, mwanangu."

Akarudi jikoni. Hakugomba. Afadhali angegomba.

Nimeiokota ile karatasi ya kwanza, nimeikunjua juu ya kitanda. Wino wa rola umeifunika yote.