Megabaiti Nane za Mwanzo

Jumanne, 12 Machi
Mwalimu mkuu amekubali kumwona Kasuku Ijumaa, aamue kama atampokea shuleni! Kasuku ni mdogo wangu, ana miaka saba, hasemi. Jina hilo alimbandika mjomba siku nilipomtengenezea kisanduku cha vitufe: akibonyeza, kinasema kwa sauti yangu. Sharti ni moja: ajibu mwenyewe, bila mtu pembeni. Nataka kumwongezea “Sijaelewa, tafadhali rudia.” Ila kadi ya kumbukumbu ya kisanduku imejaa.

Jumatano, 13 Machi
Nimekiua.
Kadi ilikuwa imegawanywa patisheni mbili, yaani sehemu mbili: ya Linux, mfumo unaokiendesha kisanduku, na ya sauti. Mwanzoni kabisa, megabaiti nane tupu. Nikaona nafasi inapotea bure. Nikazisogeza patisheni zote hadi mwanzo, sauti zikapata pa kukaa — nadhifu! Nikawasha. Taa nyekundu. Nikazima, nikawasha. Nyekundu.
Mama hakufoka. Aliuliza tu, kwani kilikuwa na kasoro gani, mwanangu? Bora angefoka.

Alhamisi, 14 Machi
Nimempelekea fundi simu, amecheka hadi akavua miwani. Zile nane hazikuwa tupu, binti! Ndipo inapokaa programu ya kuamsha mashine. Haimo kwenye patisheni yoyote, ndiyo maana hukuiona. “Umebomoa mlango ili upanue sebule!” Kisha akaona uso wangu, akaichukua kadi.
Ameirudisha programu hiyo mahali pake. Nayo ikafuta mwanzo wa Linux yangu, niliyoisogeza pale pale. Sasa taa inakuwa kijani, halafu nyekundu tena. Kinaamka, hakikuti Linux ya kuendesha. Akauliza, nakala ya kadi ya awali unayo? Sina. Mimi, ninayeandika kila kitu!
Sauti zimo salama, anasema, ila bila Linux hakuna wa kuzitoa. Ataijenga upya — labda Jumatatu.

Ijumaa, 15 Machi
Benchi, nje ya ofisi. Nimeomba tuahirishe, karani anasema nafasi ni leo tu. Nimemweleza Kasuku mara tatu kwamba kisanduku hakisemi. Ameitikia kwa kichwa, akakikumbatia, akaingia nacho peke yake. Mlango umefungwa.
Anaulizwa jina. Sauti ya mwalimu mkuu ni ya upole, afadhali. Anaulizwa tena.
Vitufe — tik. Tik, tik.
Karani ananitazama. Nimesimama. Nimekaa tena. Bila mtu pembeni, walisema.
Sasa anabonyeza kwa nguvu. Mwalimu mkuu anamwambia, taratibu, mwanangu, taratibu. Tik, tik, tik —