Fromaji Niliyoibatiza Hubert

Mama Virginie mshauri, naomba unisaidie, ila kwanza cheka umalize ndipo uendelee kusoma, maana mimi mwenyewe nimeshindwa kujionea huruma.

Nakaa Ngungu, ni mke wa mtu, na binti yangu Laetitia alikimbia vita mpaka akafika Ubelgiji, akaolewa hukohuko, sasa ana mimba, na tangu ianze hataki chakula chochote cha kule, anataka fromaji ya Masisi tu, ile jibini ya duara, nami nikamjibu kwenye simu kwamba nitatuma, kana kwamba ndege inatua shambani kwangu. Papa Isidore, mfanyabiashara wa Butembo mwenye duka pale Bweremana, ndiye anayepokea vifurushi vya kwenda nje, lakini kabla ya kufika kwake kuna barrière, kizuizi cha barabarani, na askari wa pale (wa upande gani usiniulize, mwaka huu wanabadilika kama nguo) hukata kila mzigo, na fromaji yangu ya kwanza ilibaki ganda. Nikajiona mwenye akili kuliko wote: ya pili nikaivika kofia ya sufu, nikaifunga mgongoni kwa kitenge, nikapita, kwa sababu mama mwenye mtoto mgongoni hawamgusi.

Ningenyamaza ningekuwa shujaa. Lakini mkubwa wao, anaitwa Archange, aliniuliza, "Mama, mutoto anaitwa nani?" na mdomo wangu ukajibu "Hubert," jina la katekista wetu, Mungu anisamehe. Hakuna aliyeshangaa mvi zangu, jambo lililonipendeza kupita kiasi. Nilipopita tena akanipa sabuni ya mtoto. Safari iliyofuata akasema, "Huyu Hubert anakataa kukomea, anabakia mudogo tu, ao iko mugonjwa?" Nikasema ni minyoo. Akasema, "Siku ya kumubatiza, mimi njo parrain, baba yake wa ubatizo. Ukirudia hapa, unipe nimubebe."

Sasa Laetitia anakaribia kuzaa, na kwetu mama ndiye anayekwenda kumwogesha mjukuu wa kwanza, nami siwezi kwenda, kwa hiyo kifurushi hiki lazima kifike. Nimewaza kusema Hubert amekufa, lakini Archange atakuja matangani. Na aibu kubwa zaidi ni kwamba njiani, hata pasipo askari, najikuta naipigapiga ile fromaji na kuiimbia ilale. Nifanye nini?

Mama wa Fromaji, Ngungu

*

Mama wa Fromaji,

Nimecheka kama ulivyoagiza, mpaka mume wangu akaja kuuliza kuna nini. Sasa nakugombeza.

Nyuma yako pale barrière kuna akina mama wenye watoto wa kweli. Siku Archange atakapofungua hicho kitenge akute ganda la fromaji, usidhani utaumia peke yako: kuanzia hapo kila mtoto atafunuliwa kwenye baridi ya Ngungu, na bunduki karibu na kichwa chake. Mgongo wa mama ndiyo njia pekee iliyobaki wazi, na wewe unataka kuiharibu kwa ajili ya maziwa yaliyoganda! Koma.

Hubert usimuue. Tunazika wa kweli wa kutosha. Sema amepelekwa kwa shangazi yake Walikale akatibiwe minyoo. Ni uongo, ndiyo, lakini mbele ya bunduki huu wa mwisho nakuruhusu. Ile sabuni ipeleke Kirotshe, kwenye wodi ya wazazi, umpe mama asiye na kitu. Fromaji ibebe kwenye kikapu, wazi, wakate wanachokata, kinachobaki mpe Papa Isidore. Hata kipande kidogo kitamwambia Laetitia kwamba nyumbani bado kuna ng'ombe na bado kuna mama.

Tukija kwa hilo la kuimba, hapo sikucheka. Hukuwa unamdanganya askari tu, dada yangu. Mgongo wako unamngoja mtoto ambaye hutamwogesha, na ulipokosa mtoto ukaubebesha fromaji. Nimelia, nakwambia wazi. Hiyo si aibu hata kidogo.

Basi fanya hivi. Kitenge ulichombebea Hubert, kikunje, kiweke ndani ya kifurushi. Hakuna askari atakayekata kipande cha kitenge kikuukuu ale. Mwambie Laetitia amfungie mtoto mgongoni kwa hicho hicho, siku ya kwanza atakapotoka naye nje.

Na usikifue. Acha mtoto anuse fromaji, na jasho la nyanya yake.