Saini Kwenye Kifua cha Kuku

Nyumbani, chumba cha uani,
Jumapili, tarehe 14.

Mpendwa dada yangu,

Hujambo wewe na wote mnaoishi pamoja? Goti lako je, bado linakusumbua ukipanda ngazi? Sisi huku ni wazima, watoto wanakula na kubishana kama kawaida. Asiye mzima ni moyo wangu, maana shemeji yako ameuchemsha wiki nzima.

Unazijua zile picha zangu za vipande vya mbao. Sipaki rangi hata tone. Kila rangi ni mti wake. Nakata kipande kimoja kimoja kwa msumeno mwembamba, napiga msasa, navikutanisha mpaka ukucha usipite katikati, ndipo natia gundi. Basi manesi wa wodi ya wazazi wakanijia: mkunga mkuu anastaafu, wanataka zawadi. Ni yule yule aliyempokea mwanao wa kwanza na mapacha wangu. Ningekataaje? Nikamtengenezea kuku mweupe aliyefunika vifaranga kwa mbawa. Vipande thelathini na nane, dada. Wiki sita.

Kifua cha kuku nilikikata kwenye mlango wa kabati la Mama. Ndiyo, ule ule. Najua nilipaswa kukuuliza kwanza, lakini mbao nyeupe namna ile haipatikani tena, na sikuona mtu anayeistahili kuliko mkunga yule.

Sasa njoo kwa shemeji yako. Tangu astaafu ofisini hana pa kupeleka mikono. Miaka thelathini alikuwa anatia saini mafaili, na ugonjwa huo haujamtoka. Kila siku anaingia kwenye karakana yangu eti kunisaidia: anahamisha patasi, anafagia vumbi linarukia vanishi mbichi, ananiuliza kwa nini siandiki jina kwenye kazi zangu. Namjibu kuku anajulikana ni kuku, jina la nini?

Jumanne nilitoka kwenda kununua msasa. Narudi, namkuta bwana kasimama mbele ya meza anatabasamu. Katia saini! Na si nyuma, dada. Mbele, katikati ya kifua cheupe, kwa kalamu ya wino mzito, ile saini yake yenye mkia kama mjusi, na chini yake jina langu kwa herufi kubwa. Vanishi nilikuwa sijapaka bado, kwa hiyo wino ulinywewa kama chai kwenye mkate.

“Nimekurahisishia kazi,” akasema. “Sasa ni rasmi.”

Rasmi!

Nilikwangua mpaka vidole vikaniuma. Wino ulikuwa umeshuka chini kabisa. Na zawadi ilikuwa ya Alhamisi. Sikumsemesha tena. Nikitaka chumvi namtuma pacha mmoja kwa baba yake, naye anajibu kupitia kwa pacha wa pili, na wote tumekaa meza moja.

Nikakitoa kifua kwa patasi, nikavunja na ubawa. Kipande kilichobaki cha mlango wa Mama hakikutosha, kikapungua vidole viwili. Hapo nililia, sikufichi. Mwishowe nikakata kifaranga wa ziada wa kujaza pale palipopungua, wa mbao nyekundu, anachungulia kifuani. Shemeji yako akakichukua kipande hicho bila kuambiwa, akakaa mlangoni kukipiga msasa mchana kutwa, mpaka mdomo wa kifaranga ukakaribia kuisha. Nikamnyang’anya.

Alhamisi tukaenda wodini. Mkunga akaifunua picha. Kisha akaigeuza, akawa anatafuta kitu mgongoni.

“Nani kaitengeneza? Mbona haina jina?”

Nikasema ni mimi, na jina si lazima.

Akanitazama kama anavyomtazama mzazi asiyetaka kusukuma. “Si lazima? Mimi humu sijawahi kumtoa mtoto chumbani bila kumfunga utepe wa jina la mama yake. Andika.”

Mbele ya watu wote! Nesi mmoja akanipa kalamu. Miaka yote hii nawaambia watu sipendi kujionyesha, dada, lakini ukweli ni kwamba niliogopa. Nilitaka mtu akiona ufa, asijue ni kazi ya nani. Nikaandika jina langu lote na tarehe, mgongoni mwa picha.

Shemeji yako alikuwa nyuma ya watu. Nilipogeuka nikamwona anajifuta macho kwa kofia. Hasira zikanipanda upya, maana nilikuwa sijamaliza kumnunia, naye amenikatisha.

Usidhani amejifunza. Leo asubuhi nimeingia karakana nikakuta amekusanya picha zangu zote za zamani, hata zile nilizowapa majirani, kumi na tisa, kazipanga ukutani zikiwa zimegeuza migongo nje. Zinanisubiri. Nani kamtuma? Nimeshatia saini saba, mkono unauma, nimepumzika nikuandikie wewe.

Nisalimie sana shemeji yangu na watoto. Mwanao mkubwa mwambie mkunga wake kamuulizia, na anakumbuka alivyozaliwa akipiga chafya. Mungu awatunze, alitulize goti lako, na atukutanishe tukiwa na nguvu za kucheka.

Mdogo wako wa tumbo moja, akupendaye sana.