Jina Lililobaki Kwenye Somo la Nne

Mdogo wangu Naserian,

Kwa muda mrefu nimeshindana na swali moja: mtu akikuruhusu kulitumia jina lake, ruhusa hiyo hubaki yake baada ya kufa, au huwarudia watoto wake? Nilidhani ninalo jibu, hadi ulipotoka ukumbini pale Karatu.

Unakumbuka tulivyoanza. Nilikuwa nafundisha uchumi wa neva, yaani jinsi ubongo unavyopima faida na hasara, na mifano yangu yote ilihusu watu wa mbali. Wewe, msaidizi wangu, ukasema, "Dada, twende Kakesio ukamsikie baba."

Tulipofika, nilimuuliza baba yako kwa nini, ukame ukiwa umekaza, alimpa rafiki yake mtamba wake wa mwisho, tena mwenye mimba. Alicheka mpaka akakohoa. "Nyie wakulima wa Endabash mnahesabu hata magunzi! Aliniomba. Ulitaka nikae chini nifikiri?" Ulitafsiri huku ukificha kicheko kwa kiganja. Nilipoomba ruhusa ya kuwasimulia wanafunzi, alisisitiza: "Liandike jina langu. Ng'ombe yule alikuwa na mwenyewe."

Somo la nne likaitwa kwa jina lake.

Alipofariki, nilikuja msibani. Niliwasikia mkisema "yule mzee", "baba yake Naserian", basi. Nilijua kwamba kwenu jina la marehemu halitamkwi. Lakini nililijua kama mtu anavyojua jambo la kitabuni, wala sikulihusisha na kazi yangu. Miezi michache baadaye niliwatumia wahadhiri wa vyuo vingine masomo yote kumi, kisha nikawaita Karatu tuyapitie pamoja.

Mmoja alilisoma jina hilo kwa sauti. Mwingine akalirudia, akaipinga hoja ya somo. Muda si mrefu ukumbi mzima ulikuwa unalitaja, wengine wakicheka, nami nikiwasahihisha matamshi. Wewe ulikuwa mlangoni ukigawa nakala. Uliziweka sakafuni, ukatoka.

Nilikufuata hadi nje. "Mmemwita mara ngapi, dada?" uliniuliza. "Mmemwita, na hawezi kuitika."

Nikakujibu, "Lakini aliniruhusu mwenyewe."

Tangu siku hiyo hujajibu ujumbe wangu hata mmoja.

Jina nimelifuta kwenye nakala yangu, na nimewaomba wenzangu wafanye vivyo hivyo. Wawili wamekubali. Wa tatu ameuliza, "Mzee si aliridhia?" Nikiliondoa, namwasi mzee. Nikiliacha, nakuumiza wewe. Tena nalitilia shaka hata somo lenyewe. Nimefundisha kwamba katika ubongo wake raha ya kutoa ilizidi hofu ya kukosa. Yeye aliniambia waziwazi kwamba hakupima chochote. Huenda nilisikia nilichokuja kukitafuta.

Jumatatu masomo haya yatafunguliwa kwa mwalimu yeyote wa chuo chochote. Nimeamua yatoke tisa, bila la nne. Sina hakika kama huo ni uamuzi au ni woga. Na nakala zilizokwisha kusambaa siwezi kuzirudisha.

Swali langu bado liko wazi, nami najua sababu yake. Nimewauliza waliosoma kuliko mimi, na hakuna kati yao aliyemzika. Wewe uliyemzika sikukuuliza. Siku ile nilijitetea tu.

Leo nakuuliza.

Ni mimi, dada yako wa Endabash.