Neno Moja kwenye Karatasi ya Mbuyi

Kolwezi, Alhamisi. Mvua tangu alfajiri, matope mekundu mpaka ndani ya soksi.

Nimechoshwa na neno moja. Si mvua, si kazi. Neno!

Mimi ni karani na mfasiri wa ofisi ya kambi ya wafanyakazi wa kampuni ya mgodi. Karatasi ya Kifaransa inayomhusu mfanyakazi namsomea kwa Kiswahili, yeye anabandika kidole gumba chenye wino, nami natia sahihi chini yake kwamba nimemfasiria yote na ameelewa. Mwaka wa sita huu. Nilidhani hakuna la kunishinda.

Asubuhi mkuu wa kambi, Mbelgiji wetu, alinitupia karatasi ya Mbuyi. Mbuyi ni fundi wa karakana, Mluba wa Kasai, haachi misa. Mke wake alirudi kwao zamani, naye hakuoa tena. Anaishi na Samutela wa Sandoa, wanafanya kazi pamoja. Majirani wanajua, na wanawasalimia kama kawaida. Lakini nyumba za kampuni ni za wenye wake, na mama anayezikagua kwa niaba ya kampuni, anayefunua hata sufuria za watu, aliona wanaume wawili na kitanda kimoja. Basi mkuu akaandika kwamba Mbuyi afukuzwe kazi na kurudishwa Kasai. Kwenye mstari wa sababu ameweka neno moja tu: *inverti*.

Nikamuuliza maana yake. Akanitazama kana kwamba nimemposa binti yake, akasema ni aina ya mtu. Katika kamusi ya mapadri sikuliona. Katekista, nilipomuuliza, alinimwagia Sodoma yote, moto na chumvi, wakati mimi nilitaka neno tu. Mchana nikamuuliza mke wangu Agnès. Akacheka.

"Mbuyi? Ule hapendi banamuke, anapenda Samutela. Njo vile iko. Sasa neno ni ya nini?"

Hapendi wanawake, anapenda Samutela: kumbe yeye alikuwa amekwisha kufasiri, na mimi sikusikia.

Saa tisa Mbuyi akaingia, kofia mkononi. Mkuu alikuwa anatazama saa yake.

"Tata karani, hii karatasi iko inasema nini?"

Nilimwonea haya. Nilimwonea huruma pia, lakini haya ilitangulia. Nikamjibu, "Inasema hauna bibi."

Akapumua. "Kama ni ile tu, ni kweli." Akabandika kidole. "Aksanti sana, tata."

Nami nikatia sahihi. Mjinga mimi, nilitoka pale nikijiona mtu mwema!

Njiani ndipo akili iliponirudia. Asiye na mke huhamishiwa kambi ya makapera, basi. Mbuyi anangojea hilo. Hajui kwamba amefukuzwa, wala kwamba neno lile litaandikwa katika kitabu chake cha kazi na kila bwana atakayemwomba kazi atalisoma. Watalijua wote isipokuwa yeye mwenyewe. Na aliyemficha si Mzungu, ni mimi, kwa huruma yangu ya kijinga.

Jioni hii Samutela amepita na kikapu cha bowa, uyoga wa mvua za kwanza. Eti shukrani, kwa sababu nimesema vizuri na mwenzake.

Agnès ameupika. Nimeisukuma sahani kando.

Karatasi itaondoka na treni ya Jumamosi. Bado imo katika droo yangu, na kidole kisicho na sahihi ya mfasiri ni doa la wino tu. Kesho, kabla king'ora cha kazi hakijalia, nitagonga mlango wao na kumwambia Mbuyi, kwa maneno ya Agnès, kilichoandikwa. Kisha nitaifuta sahihi yangu mbele ya mkuu, na aniulize anachotaka.

Agnès ananiuliza kwa nini sili. Bado sijamwambia kwamba sahihi hiyo ndiyo inayotuweka katika nyumba hii ya kampuni.