Nachelewesha Trela Ili Wanangu Wasiache Kuja

Mpendwa Shangazi, mshauri wa gazeti, naomba msaada wako, na ukiweza unijibu mapema, maana daktari wangu hanihesabii tena miaka.

Mimi ni bibi, nilifundisha fizikia sekondari mpaka nikastaafu, mume wangu alitangulia akaniachia nyumba, watoto wawili na trela lake la mizigo alilokuwa akibebea saruji, nalo lilikaa nyuma ya nyumba likiota kutu na kuku wakitaga ndani yake, mpaka mwanangu wa kwanza alipokuja na wazo kwamba tuligeuze liwe la kupigia kambi, lenye jiko la kuvuta kama droo, tangi la maji na hema juu, liweze kupita kwenye mawe na makorongo, ili familia yote tulale porini pamoja, na mimi nikiwemo. Nilimwambia amechanganyikiwa. Moyoni nilifurahi kama mtoto aliyeahidiwa nguo mpya.

Kabla ya hapo wanangu walikuwa wananijulia hali kwa simu, mama umekula, mama umemeza dawa, haya tutaongea. Sasa kila Jumamosi ua wangu unajaa watu, mwanangu anakwangua kutu, binti yangu anashona turubai, mume wake, ambaye ni fundi makabati, anatengeneza jiko na droo, wajukuu wanagombea brashi ya rangi, na mimi nimewekewa kiti kivulini na penseli mkononi, kwa kuwa mimi ndiye ninayekokotoa uzito ukae vipi juu ya ekseli, ule mhimili wa magurudumu, maana trela likielemewa nyuma huyumba barabarani na laweza kulipindua gari linalolivuta.

Sasa nisikilize, mshauri. Siku moja mkwe wangu alilifunga lile jiko mahali pake, nikapiga hesabu, hesabu ikakubali kabisa, naye akafuta mikono akasema, "Mama, bado rangi tu, tumemaliza," na lile neno likanichoma, nikawaona wote wanapanda magari yao na mimi narudi kwenye simu yangu, nikasikia mdomo wangu unasema, "Bado, baba. Uzito umelalia nyuma."

Alilifungua bila kunung'unika. Akalisogeza mbele, Jumamosi iliyofuata nikasema sasa limezidi mbele, akalirudisha kidogo, nikaleta kisingizio cha tangi. Mwanangu akaanza utani: "Shemeji, jiko lako linahamahama kama mpangaji anayekimbia kodi!" Tukacheka wote. Mkwe akajibu, "Mama akisema limelalia nyuma, limelalia nyuma. Mwalimu ni yeye." Ananitetea kwa uongo wangu mwenyewe.

Jumamosi iliyopita utani uligeuka. Mwanangu alisema mbele ya watoto, "Makabati ya ukutani hayasafiri, shemeji. Hapa tunahitaji fundi." Mkwe alikusanya vifaa vyake taratibu, akaja mpaka kwenye kiti changu, akainama, akasema, "Nisamehe, Mama. Nimeshindwa." Huyu kijana alifiwa na mama yake akiwa mdogo, na tangu alipomwoa binti yangu ananiita Mama kwa namna ambayo wanangu wa kuzaa wameisahau. Binti yangu akamfuata, na hasemi na kaka yake mpaka leo. Nami nilikaa na penseli yangu, kimya.

Jambo la pili hakuna anayelijua. Daktari aliniambia moyo wangu umechoka, akalisema hilo huku anatazama dirishani, nikaelewa. Mimi niliyefundisha kanuni za maumbile maisha yangu yote nikajidanganya kwamba trela lisipokwisha, nami sitakwisha. Nikisema ukweli, nitaondoka wakinikumbuka kama mwongo. Nisiposema, kijana wa watu atabaki na aibu isiyo yake. Nifanyeje?

Ni mimi,
Mwalimu wa Kivulini

JIBU LA SHANGAZI

Mwalimu, shikamoo. Naitanguliza kwa sababu ninayotaka kukuambia hayasemwi kwa mkubwa bila shikamoo.

Umekosea, tena vibaya. Mtoto wa mwanamke mwenzio, ambaye hayupo tena kumsemea, amebeba jiko huku na huko juani kwa ajili yako, akatukanwa, kisha akaja kukuomba radhi wewe! Nawe ukaipokea radhi hiyo ukanyamaza. Ingekuwa ni mwanafunzi wako aliyefanya hivyo, ungemsimamisha mbele ya darasa.

Lakini pole, mama. Neno "tumemaliza" nalielewa. Mama yangu mzazi alikuwa akinificha kiatu kimoja kila siku ya kuondoka kwangu, tunakitafuta nyumba nzima, yeye ndiye anayeinama chini ya kitanda kwa bidii kuliko wote. Nilikuja kuelewa akiwa hayupo tena. Usiwafanyie wako hivyo. Waambie sasa kwa mdomo wako: njooni, nawakosa. Sidhani umewahi kuwaambia. Umewasubiri wakisie.

Na wazo la kunyamaza mpaka ufe lifute. Maiti haombi radhi.

Anza na mkwe, peke yake, kabla ya binti na kabla ya mwanao. Lakini usiishie hapo, maana aibu aliipata hadharani, usimsafishe chumbani. Jumamosi waite wote, wajukuu wakiwemo, useme jiko lilikuwa sawa mara ya kwanza na kwamba uliwadanganya. Mkwe alirudishe jiko pale pale alipoliweka. Jazeni tangi, pakieni magodoro na mtungi wa gesi kama watu wanaosafiri, kisha pimeni uzito kwenye mkono wa trela, pale linapofungwa kwenye gari, kila mtu akiona. Mwanao naye amwombe shemeji yake radhi, na usimkingie kifua. Uongo ulikuwa wako, ulimi mchafu ulikuwa wake.

Habari ya moyo wako usiichanganye na kosa. Ukisema "niliwadanganya kwa sababu nakufa," nani atathubutu kukukasirikia? Wape nafasi wakasirike kwanza. Watoto wakishaenda kucheza, waketishe wakubwa uwaambie alichosema daktari. Watalia. Waache walie, nawe ulie.

Halafu mwende. Muulize daktari umbali gani unaruhusiwa, mchague uwanja tambarare, karibu na hospitali, usiku mmoja tu. Utapanda gari, kiti cha mbele, na mto mgongoni. Makorongo waachie wao, watayapita siku nyingine na trela lao. Usiahirishe safari kwa sababu ya rangi. Trela lisilopakwa rangi halijamnyima mtu usingizi.

Unaogopa watakukumbuka kama mwongo. Watakukumbuka hivyo kwa muda, kisha watakukumbuka kama mama aliyewataka karibu akakosa njia ya kusema. Lakini huyo kijana hana muda wa kusubiri kumbukumbu. Yuko karakana kwake sasa hivi, anaipima upya kazi yake akitafuta kosa ambalo halipo. Weka gazeti chini, mpigie. Usianze na salamu ndefu wala habari za watoto. Akipokea tu, mwambie, "Mwanangu, hukukosea popote."